Jina Perpetua: maana yake, lilikotoka na lilivyofika kwetu

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Kigoma. Anaandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Mwezi Machi tumejaliwa mtoto wa kike. Mama mkwe anaomba aitwe Perpetua, jina la marehemu mama yake. Wifi yangu, aliyesomea Bujumbura kwa Kifaransa, amelikataa. Anasema neno hilo ni la mahakamani na maana yake ni kifungo cha maisha. Mume wangu hana kinyongo nalo, ila anasema ni jina la Kizungu tu walilokuja nalo mapadre. Tunaomba utueleze jina hili lina maana gani, limetoka wapi, na kama linamfaa mtoto."

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa kujifungua salama. Nimelifurahia swali lako, kwa sababu katika majina yote ya Kilatini tunayowapa mabinti zetu, hili ndilo ambalo ningetamani familia zetu zilijue kwa undani kuliko mengine. Nitaanza na wifi, kisha nitamjibu mume wako, kwa maana jibu la mume ndilo refu.

Wifi yako hakusikia vibaya. Katika mahakama za Burundi na za Kongo, mtu akihukumiwa kifungo cha maisha husemwa kwa Kifaransa kwamba amefungwa "à perpétuité", na neno hilo kweli limetoka kwenye shina moja na jina la mama wa mkweo. Lakini kuwa na shina moja si kuwa na maana moja. Neno "daima" laweza kutumika kwa upendo wa daima na kwa adhabu ya daima, wala hakuna anayesema kwamba daima maana yake ni adhabu. Mahakama ilichukua neno lililokuwa na maana yake tangu zamani, ikaliambatanisha na kifungo kueleza urefu wake tu. Ukitaka kujua jina linasema nini, inakupasa urudi nyuma ya Kifaransa, hadi kwenye Kilatini chenyewe.

Kwa Kilatini kuna kivumishi "perpetuus", ambacho kikielezea kitu cha jinsia ya kike huwa "perpetua". Kimejengwa kwa sehemu mbili. Ya kwanza ni "per", yenye maana ya kupita ndani ya kitu hadi upande wa pili. Ya pili inatokana na kitenzi "petere", yaani kukiendea kitu, kukielekea. Kwa hiyo maana ya msingi ya neno hili ni kile kiendacho moja kwa moja mpaka mwisho wake pasipo kukatika njiani. Zingatia kwamba hapo mwanzo neno halikuhusu muda peke yake. Julius Caesar, jemadari wa Roma ya kale, alipoeleza katika kitabu chake jinsi watu wa Gallia, yaani Ufaransa ya leo, walivyojenga kuta za miji yao, alisema kwamba walilaza boriti zilizonyooka, naye akaziita "perpetuae", akiwa na maana ya boriti ndefu zinazokwenda bila kukatizwa. Mahali pengine katika kitabu hicho hicho neno hilo hilo linatumika kwa kinamasi kilichotanda kwa mfululizo, kisichoacha pa kuvukia. Fundi anayepaua nyumba pale Kigoma anaijua vizuri tofauti ya boriti nzima na boriti ya kuunga. Basi boriti nzima, ile inayotoka ukuta huu hadi ukuta ule bila kiungo, ndiyo picha iliyomo ndani ya jina hili.

Kutoka kwenye mbao na ardhi neno likahamia kwenye wakati. Mwaka 44 KK, wiki chache kabla ya kuuawa, Caesar huyo huyo alipewa cheo cha mtawala wa Roma kwa muda usio na kikomo, na sarafu zilizotolewa wakati huo ziliandikwa neno "perpetuo" ubavuni mwa picha yake. Hapo maana iliyokusudiwa ni ya kudumu siku zote.

Ninyi mnaosali kwa Kiswahili mmelikuta neno hili mara nyingi bila kulitambua. Mnapomwombea marehemu husema: "Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie." Katika Kilatini, sala hiyo ina maneno mawili tofauti mahali ambapo Kiswahili kina neno moja: raha imeitwa "aeterna", na mwanga umeitwa "perpetua". La kwanza lina uhusiano na enzi, na hubeba wazo la kitu kilicho nje ya kipimo cha nyakati. La pili lina mwendo ndani yake. Ni mwanga usiozimika, ambao leo unawaka na kesho unawaka, na kati ya leo na kesho haukukatika. Kiswahili kimeyafunika yote mawili kwa "milele", na sikilaumu, maana sala inataka wepesi wa ulimi. Lakini pale tunapomwita Bikira Maria "Mama wa Msaada wa Daima", neno linalotafsiriwa ni hilo hilo la Kilatini, na mara hii wafasiri walichagua "daima". Kwa maoni yangu hapo walilipata barabara. Kama ungenitaka nilitafsiri jina la mtoto kwa Kiswahili bila kupoteza kitu, nisingesema tu "wa milele", kama vitabu vingi vya majina vinavyosema. Ningesema "asiyekatika", au "adumuye bila kukoma". Waislamu wa pwani wana jina lenye ujirani wa karibu, Khalida, lenye shina la Kiarabu la kudumu milele, wala sijasikia mtu akilihusisha na gereza.

Sasa nimgeukie mume wako. Ana haki kwa nusu moja: mapadre ndio waliolileta jina hili Kigoma. Nusu ya pili ndiyo inayohitaji kusahihishwa, kwa sababu mwanamke aliyelifanya jina hili lijulikane duniani hakuwa wa Ulaya. Alizaliwa, akaolewa, akajifungua na akafa katika bara hili.

Jina kamili alilopewa na wazazi wake ni Vibia Perpetua. Kwa desturi ya Waroma, binti alichukua jina la ukoo wa baba yake katika umbo la kike, hivyo binti wa ukoo wa Vibius aliitwa Vibia, na dada zake, kama angekuwa nao, wangeitwa Vibia vilevile. Jina la pili ndilo lililomtofautisha mtu na ndugu zake, na la kwake lilikuwa Perpetua. Wanaume nao walilibeba katika umbo la Perpetuus. Katika karne ya 5 mji wa Tours huko Gallia ulikuwa na askofu wa jina hilo. Hili nalisema kwa sababu watu wengi hudhani Perpetua ni jina la dini lililobuniwa na Wakristo ili kutaja uzima wa milele. Sivyo. Lilikuwa jina la kawaida la Kiroma, lenye dua ya maisha marefu ndani yake, na Vibia Perpetua alikuwa nalo kabla hajabatizwa.

Familia yake iliishi katika jimbo ambalo mji wake mkuu ulikuwa Karthago, kando ya Bahari ya Kati, mahali ambapo leo ni kitongoji cha jiji la Tunis, nchini Tunisia. Waroma waliliita jimbo hilo "Africa". Bara letu zima limerithi jina lake kutoka kwenye kipande hicho cha ardhi, kwa hiyo Perpetua aliitwa Mwafrika kabla jina hilo halijatufikia sisi wengine. Masimulizi hayasemi lolote juu ya rangi yake wala kabila la mababu zake. Yanasema alizaliwa katika nyumba ya heshima, akasomeshwa vizuri, akaolewa ndoa halali, na kwamba alikuwa na umri wa miaka 22 hivi na mtoto wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Katika ndoto ya mmoja wa wenzake anaonekana akizungumza Kigiriki, jambo linaloonyesha kiwango cha elimu yake.

Mwaka 203, chini ya Kaisari Septimius Severus, ambaye mwenyewe alizaliwa Leptis Magna katika Libya ya leo, Perpetua alikamatwa pamoja na wakatekumeni wengine vijana, yaani watu waliokuwa wakijiandaa kubatizwa: Saturninus, Secundulus, na watumwa wawili, Revocatus na Felicitas. Saturus, aliyekuwa mwalimu wao wa dini, hakuwapo walipokamatwa, naye akajitoa mwenyewe ili awe pamoja nao. Tunayajua haya kwa njia ya pekee sana. Perpetua aliandika gerezani kwa mkono wake mwenyewe, na yule aliyekusanya habari zao baadaye aliyaacha maneno yake kama alivyoyaandika, akiongeza utangulizi na habari za kifo. Maandishi ya wanawake wa zama hizo yaliyosalia ni machache mno, na ya mama kijana anayeeleza maziwa yake, mtoto wake na baba yake ni adimu zaidi. Nimewahi kuyasoma na wanafunzi darasani kwa Kilatini, nao vijana wa kiume wa miaka 18, waliozoea hotuba za Cicero, msemaji maarufu wa Roma, walinyamaza kimya walipofika kwenye ukurasa wa mtoto.

Nitakupa sehemu mbili tu, maana zote mbili zinagusa swali lako la jina.

Ya kwanza ni ya siku za mwanzo, walipokuwa chini ya ulinzi kabla ya kutiwa gerezani. Baba yake, ambaye hakuwa Mkristo, alimjia akimsihi aikane imani kwa sababu alimpenda. Perpetua akamwonyesha chombo kilichokuwa pale, kijitungi au kitu cha namna hiyo, akamuuliza: "Baba, unakiona chombo hiki?" Akajibu: "Nakiona." Akamuuliza tena: "Je, chaweza kuitwa kwa jina jingine kuliko kile kilicho?" Baba akasema: "Hapana." Naye akasema: "Basi na mimi siwezi kujiita kitu kingine ila kile nilicho, Mkristo." Baba alikasirika hata akamrukia kana kwamba angemng'oa macho, kisha akaondoka. Neno alilolitumia Perpetua hapo ni "nomen", jina. Hoja yake nzima ilisimama juu ya jina: kwamba jina la kweli halibandikwi wala halibanduliwi, bali linafuata kitu kilivyo. Siku chache baadaye walibatizwa, naye anaandika kwamba Roho alimwongoza asiombe kitu kingine katika maji yale isipokuwa uvumilivu wa mwili. Hapo jina alilopewa na wazazi wake na ombi aliloomba kwenye ubatizo vikawa kitu kimoja, bila yeye mwenyewe kusema neno juu ya jambo hilo.

Ya pili inahusu mtoto na baba, nami naomba uivumilie, kwa kuwa wewe mwenyewe una kichanga mkononi. Gereza lilikuwa na giza ambalo hakuwahi kulijua, na joto la watu waliosongamana, na askari waliodai fedha. Kilichomtesa kuliko vyote kilikuwa wasiwasi juu ya mtoto. Mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, walilipa ili wafungwa wapelekwe kwa saa chache sehemu iliyo afadhali. Hapo akamnyonyesha mtoto aliyekuwa amekwisha kulegea kwa njaa. Baadaye aliruhusiwa kukaa naye, na anaandika kwamba mara moja gereza likawa kwake kama jumba la mtawala, hata hakutaka kuwa mahali pengine. Siku ya kuhukumiwa, baba yake alikuja na mtoto mikononi akamwambia amwonee huruma. Liwali Hilarianus akamwambia azionee huruma mvi za baba yake na uchanga wa mwanawe, atoe sadaka kwa ajili ya afya ya makaisari. Akajibu: "Sifanyi." Akaulizwa kama ni Mkristo, akajibu kwamba ndiye. Baba alipozidi kumng'ang'ania, Hilarianus aliamuru achapwe fimbo, na Perpetua anaandika kwamba aliumia kana kwamba aliyechapwa ni yeye, akauhuzunikia uzee wa baba yake uliojaa taabu. Alipotuma shemasi amletee mtoto, baba alikataa kumtoa. Lakini mtoto hakutaka tena kunyonya, na maziwa hayakumletea mama maumivu.

Kuna wasomaji wanaomhesabu baba huyo kuwa adui katika habari hii. Mimi siwezi. Katika malezi yetu binti hamjibu baba mbele ya liwali, na mzee hapigi magoti mbele ya mwanawe. Huyu mzee alipiga magoti, akambusu mikono, akaacha kumwita binti akamwita bibi mkubwa. Ukubwa wa maandishi haya ni kwamba binti aliyaona yote hayo, akayaandika kwa uchungu bila kumdharau, na bado hakubadili jina alilosema ni lake.

Isipokuwa Secundulus, aliyefia gerezani, waliuawa uwanjani Karthago siku ya michezo ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Geta, mwana wa Kaisari. Felicitas alikuwa amejifungua binti gerezani katika mwezi wa nane wa mimba, na mwanamke mmoja wa jumuiya yao alimchukua mtoto huyo akamlea kama wake. Wanawake wale wawili walitupiwa ng'ombe mkali. Perpetua aliporushwa chini alitafuta kibanio akazifunga nywele zake zilizotawanyika, kwa sababu nywele zilizofumuliwa zilikuwa ishara ya msiba. Kisha akamwona Felicitas ameanguka, akaenda akampa mkono, akamwinua. Bibi wa nyumba ya heshima na mjakazi, wakasimama pamoja.

Jina la Felicitas halitengani na la mwenzake, na wewe unalijua kwa umbo la Felista au Felisita. Maana yake ni heri, furaha, baraka ya kuzaa matunda. Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao sasa ni Annaba nchini Algeria, aliwahubiria watu wake katika sikukuu yao zaidi ya miaka 150 baada ya kifo chao, akalichezea jambo hili kwa ustadi: majina yao mawili yakiwekwa pamoja, "perpetua felicitas", yanakuwa sentensi moja inayotaja kile walichokipata, yaani heri isiyokoma. Kalenda ya zamani ya Roma ya mwaka 354 inawataja tarehe 7 Machi, na kando ya majina yao imeongeza neno moja tu la mahali: Afrika. Majina yao yako katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, pale padre anaposoma Felisita, Perpetua, Agata, Lusia, na katika Litania ya Watakatifu usiku wa Mkesha wa Pasaka. Huko Ravenna, Italia, sura zao zimo katika michoro ya vijiwe vya rangi ya karne ya 6. Kwa hiyo sifa ya jina hili ilikwenda Ulaya ikitokea Afrika, nayo ilipokewa huko kama ya wageni wa heshima.

Ulaya hata hivyo jina hili halikuwahi kuwa la watu wengi. Catalonia kuna mji unaoitwa Santa Perpètua. Katika Italia lilipata mkosi wa namna yake: mwandishi Alessandro Manzoni, katika riwaya yake maarufu ya karne ya 19, alimpa jina hilo mtumishi wa nyumbani wa padre, na riwaya ilisomwa sana kiasi kwamba hadi leo Mwitalia akisema "perpetua" kwa herufi ndogo ana maana ya mama anayempikia padre. Pwani ya Oregon, Marekani, kuna rasi inayoitwa Perpetua kwa sababu baharia James Cook aliipa jina hilo tarehe 7 Machi 1778, siku ya sikukuu yake.

Lilirudije Afrika, tena hadi Ziwa Tanganyika? Hapa kuna jambo ambalo mume wako atalipenda. Mapadre Weupe, ambao jina lao rasmi ni Wamisionari wa Afrika, walianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, aliyekuja kuwa pia Askofu Mkuu wa Karthago. Aliwapeleka watu wake kukaa juu ya magofu ya mji huo, na mmoja wao, Padre Delattre, alitumia maisha yake yote akichimbua makanisa na makaburi ya Wakristo wa kale. Mwaka 1907, kwenye magofu ya kanisa kubwa la zamani, walikuta vipande vya bamba la marumaru. Vilipounganishwa vilisomeka majina ya Saturus, Saturninus, Revocatus, Secundulus, Felicitas na Perpetua. Wakati huohuo ndugu zao wa shirika hilohilo walikuwa wamekwisha kufika kwenu. Msafara wao wa kwanza ulitoka Algiers mwaka 1878, ukapita Zanzibar na Bagamoyo, na mwanzoni mwa 1879 sehemu moja ilifika Ujiji, na sehemu nyingine ikafika Uganda. Watu waliomfundisha katekisimu mama wa mama mkwe wako, au waliowafundisha walimu wake, walikuwa wa nyumba moja na wale waliokuwa wakifukua jina la Perpetua kutoka udongoni Karthago. Hawakuchukua jina la bibi wa Ufaransa wakambandika Mwafrika. Walichukua jina la mwanamke aliyekufa katika bara hili wakalileta kusini mwa Sahara, kwa safari ndefu sana.

Kwamba walilazimisha majina ya watakatifu ni kweli, nami silifichi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mbatizwa anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa, aongeze jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili kitabuni. Sheria ya 1983 imelegeza: inataka tu kwamba jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Siku hizi mnaweza kumbatiza mtoto kwa jina la Kiha mkipenda. Kwa hiyo mkimwita Perpetua mtakuwa mmechagua, na mama mkwe anaomba, halazimishi.

Je, linamfaa? Kwa upande wa maana nimekwisha kusema. Kwa upande wa historia, wapo wazazi wanaosita kumpa mtoto jina la mtu aliyeuawa, nami nawaelewa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba alichoacha Perpetua nyuma yake ni maandishi, na mengi ya maandishi hayo yanahusu upendo: wa mtoto, wa baba, wa ndugu yake mdogo Dinokrate aliyekufa akiwa na miaka 7, wa mwenzake mtumwa. Binti yenu akifikia umri wa kusoma, atakuwa na kitu cha kusoma ambacho mwenye jina lake alikiandika mwenyewe. Majina machache sana yanampa mtoto zawadi hiyo.

Yamebaki mambo ya uandishi na matamshi. Umbo sahihi ni Perpetua, lenye herufi nane. Nchini Kenya utakuta Perpetual, ambalo ni kivumishi cha Kiingereza cha jina la Mama wa Msaada wa Daima kilichogeuzwa kuwa jina la mtu, na pia Perpetuah, yenye "h" isiyo na kazi. Chagueni umbo moja, na liwe hilohilo kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo na kadi ya kliniki, maana herufi moja ikitofautiana humsumbua mtu miaka 20 baadaye anapoomba kitambulisho. Kwa Kilatini mkazo ulikuwa kwenye silabi ya pili, per-PE-tua. Sisi kwa kawaida ya Kiswahili tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Perpe-TU-a, na wazee wetu wengi, ambao lugha zao hazipendi konsonanti mbili zigusane, huchomeka irabu katikati wakasema Perepetua. Usimsahihishe mama mkwe akisema hivyo. Huenda hivyo ndivyo mama yake alivyoitwa maisha yake yote.

Na jambo moja la kufanya kabla ya ubatizo. Mwombeni paroko wa parokia alikobatizwa marehemu bibi huyo awafungulie kitabu cha ubatizo. Vile vya zamani viliandikwa kwa Kilatini, na vina tarehe. Mkikuta tarehe za mwanzo wa Machi, yaelekea alipewa jina la shahidi wa Karthago, ambaye sikukuu yake ilihamishwa kwa miongo kadhaa hadi tarehe 6 kumpisha Mtakatifu Thoma wa Akwino, kisha ikarudishwa tarehe 7 katika kalenda ya 1969. Mkikuta mwishoni mwa Juni, huenda waliomchagulia jina walikuwa wakimfikiria Mama wa Msaada wa Daima, ambaye huadhimishwa tarehe 27 ya mwezi huo. Kwa mtoto wenu aliyezaliwa Machi, hilo la kwanza lingekuwa na uzuri wake, lakini lolote mtakalolikuta, nakili mstari mzima ulivyoandikwa, pamoja na majina ya wazazi na ya msimamizi, mumpe mama mkwe asomewe.